Mkato wa Sigei

Vijana wangu wa kwaya, Jumapili ile mliponifuata nje ya kanisa mkaniomba nisimame siku ya vijana niwaeleze aya moja ya Injili ya Mathayo, niliwajibu kwamba nitafikiria. Mkaniona nimesogea kivulini, mkadhani mzee amechomwa na jua. Haikuwa jua. Nilikuwa nimesikia mambo mawili kwa dakika moja, na yote mawili yalinikuta pabaya.

La kwanza ni aya yenyewe. Kiprono ndiye aliyeuliza, mnakumbuka, akiniita babu kwa Kikalenjin: "Kugo, ile mstari ya Yesu kujua watu wanampangia vibaya halafu anaondoka. Mbona aliondoka na alikuwa na pawa? Aliogopa?" Swali zuri. Niliwahi kulijibu mbele za watu, zamani kidogo, na jibu langu lilikuwa baya kuliko kutojibu kabisa.

La pili lilitoka kwa Sharon. Mpiga kinanda wenu alikuwa ameruka ubeti mzima wa wimbo wa sadaka, na Sharon akamtania palepale mlangoni, "Leo umetupigia mkato wa Sigei!" Mkacheka wote. Nami najua mnavyosema. Mandazi yakiungua, mkato wa Sigei. Kinyozi akikuachia upara upande mmoja, mkato wa Sigei. Siku moja nilimuuliza kijana wa kiwandani Sigei ni nini, akaniambia ni aina ya mashine ya zamani ya kukatia chai, ilikuwa na kasoro.

Sigei hakuwa mashine. Alikuwa mtu, na alikuwa mwalimu wangu. Ndiyo maana nimeamua kutosimama mimbarini. Nimeandika, nanyi mtasomeana. Mchagueni anayesoma polepole.

Nilifanya kazi ya kupogoa chai miaka thelathini na mmoja. Sisi tulisema kupruni, na hata leo nikisema kupogoa mdomo wangu unajihisi umevaa tai. Mnajua kazi yenyewe kwa kuiona tu. Mti wa chai ukiuacha unakuwa mti kweli, unapita paa la nyumba, unatoa maua meupe, na hakuna mchumaji atakayeufikia. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache unaukata unabaki kisiki chenye vidole, kimo cha kiuno au chini yake, halafu unaungoja uchipue upya. Ukiukata vizuri utakushukuru kwa miaka minne. Ukiukata vibaya hausemi kitu, unakauka tu, na wewe utajua baada ya miezi mitatu ukiwa umeshasahau.

Nilifika kwenye shamba lile kubwa nikitoka Kapkatet, kijana wa miaka ishirini na miwili, na nilijiona fundi kwa sababu nyumbani nilikuwa nimekata miti ya mama yangu. Nikakabidhiwa kwa arap Sigei, mtu wa Kipkelion, mwembamba, mwenye sauti ya chini mpaka ulazimike kumsogelea. Yeye alikuwa mkuu wa kundi la wapogoaji. Alinitazama nikikata mti mmoja, akachukua kisu changu, akakiweka mfukoni.

"Wewe unapigana na chai," akaniambia. "Imekukosea nini?"

Kwa wiki mbili sikugusa mti wa chai. Alinipa vijiti vya mkaratusi nikate, kijiti kimoja baada ya kingine, mkato mmoja, mlazo mmoja, bila kurudia. Mkato uwe laini kama umepakwa mafuta, uinamie upande mmoja ili maji ya mvua yasikae juu yake. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya kila kijiti. Kikikwaruza anakitupa. Wenzangu walikuwa wakipita na kuniuliza kama nafungua kiwanda cha vijiti vya kuchokolea meno.

"Ganda linatembea," alinieleza. "Ukikata vizuri, ganda itatembea juu ya hiyo kidonda mpaka iifunge. Ukipasua, haitajua pa kupita. Maji itaingia, na huo mti utaoza ndani na wewe unaona nje iko sawa."

Siku ya kwanza aliyonirudishia kisu changu, nilikata gamubuti langu. Kisu kiliteleza kwenye tawi lenye umande, kikapita kwenye raba, kikaniachia mkwaruzo mdogo mguuni. Nilisubiri matusi. Sigei aliinama, akaliangalia buti kwa makini, akasema, "Mkato mzuri. Itachipua." Kundi zima lilicheka mpaka nyapara akaja kuuliza kuna nini. Kisha akalishona kwa uzi wa gunia, nikalivaa mwaka mzima.

Nilijifunza kwake mambo ambayo hayakuandikwa popote pale kazini. Alikuwa na chupa ndogo ya dawa ya vidonda, ile ya rangi ya kahawia, aliyoiomba kwa muuguzi wa zahanati. Kabla ya kupogoa shamba alichimbua mzizi wa unene wa penseli, akaukata, akadondosha tone moja. Mzizi ukigeuka rangi ya wino, mti una akiba ya chakula, kata. Ukibaki vilevile, mti una njaa. Hapo alikwenda ofisini kuomba shamba lile lisichumwe majuma matano au sita. Huko ofisini hawakupenda kusikia habari hiyo. Chai ipo, wachumaji wapo, na mtu mmoja mwembamba anasema iachwe ipumzike! Lakini mara nyingi walimkubalia, kwa sababu mashamba yake yalirudi yote.

Na alinifundisha mapafu. Hapa msikilize vizuri, kwa sababu habari yangu yote iko hapa. Kwenye udongo mwekundu wa bondeni unaweza kuukata mti wote, ukabaki vijiti vitupu, nao utachipua. Lakini kule juu kwenye miamba, udongo ukiwa kiganja tu, ukiuvua mti majani yote umeuziba pumzi. Basi unaacha matawi mawili, moja upande huu na jingine upande ule, pamoja na majani yake. Tuliyaita mapafu. Hayo ndiyo yanayoulisha mzizi mpaka machipukizi mapya yafike urefu wa kiganja, halafu ndipo unarudi kuyaondoa. Na yale matawi uliyokata unayalaza juu ya kisiki ili jua lisikichome. Shamba la namna hiyo halipendezi hata kidogo. Ni kichwa kilichonyolewa kwa wembe butu, nywele zimebaki huku na kule. Lakini liko hai.

Siku hizi nawaona vijana wenye injini begani, wanamaliza kwa asubuhi moja kazi tuliyoifanya wiki nzima. Siwachukii. Mgongo wangu ungekuwa na adabu zaidi leo kama ningeipata mashine ile mapema. Nawaombeni tu muinoe. Nimepita mahali, nikapitisha kidole gumba juu ya mikato yao, kikatoka na kibanzi. Nilimwambia mmoja wao, akanitazama kwa huruma akasema, "Mzee, hii ni mashine, haina vidole."

Nimezunguka vya kutosha. Nasema sasa.

Baada ya miaka kumi na miwili chini ya Sigei walinipandisha cheo nikawa msimamizi, juu yake. Alikuwa wa kwanza kunipa mkono, na wala hakuigiza. Mimi ndiye niliyebadilika. Nilipewa koti refu la mvua na nyumba ya mawe yenye vyumba viwili kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, na mke wangu alikuwa amejifungua Chebet juzijuzi. Nikaanza kutembea nikiwa nimefunga mikono nyuma. Nikaanza pia kukaa mbele kanisani, kwenye kanisa hilihili letu, na kupewa neno la kusema Jumapili mchungaji asipofika.

Msimu wa baridi mwaka ule tulipogoa shamba la juu, lile la miamba, na Sigei akaacha mapafu kwenye kila mti. Haukupita muda, tukaambiwa wageni wakubwa wanakuja kutembelea, na njia yao inapita pale. Meneja aliniambia maneno matano tu: "Bett, shamba la juu lipendeze." Hakutaja mapafu wala kisu. Hayo niliyaongeza mwenyewe.

Sigei alikuwa amekwenda Kipkelion kumzika shangazi yake, siku tatu. Nililiita kundi lake nikawaambia wakate yale matawi yaliyobaki, yote, na waondoe matawi makavu yaliyolazwa juu ya visiki, wayapange kando. Mzee mmoja wa kundi alisita akaniuliza, "Sigei anajua?" Nikamjibu kwamba msimamizi ni mimi. Wakakata. Jioni nilisimama barabarani nikalitazama shamba, limenyooka, safi, mistari inaonekana mpaka mwisho wa kilima. Niliona fahari, siwadanganyi. Wageni walipita ndani ya magari yao na vioo vimefungwa. Nadhani hawakugeuza hata shingo.

Sigei aliporudi alikwenda moja kwa moja shambani. Nilimwona kwa mbali akitembea mstari hadi mstari, akigusa visiki kwa kiganja. Hakuja kunigombeza. Alianza kurudisha matawi makavu juu ya visiki kwa mikono yake mwenyewe, na kundi lake likamsaidia. Jua lilikuwa limeshaanza. Mvua iliyotazamiwa haikuja wiki ile, wala mwezi ule. Maganda yakapasuka upande wa jua, na mvua iliponyesha hatimaye, nusu ya shamba la juu ilikuwa kuni.

Meneja alituita kwenye banda la kupimia majani, wapogoaji wote na wachumaji waliokuwa wamesimama kwenye foleni na vikapu vyao. Akauliza nani alikata matawi ya kuvutia pumzi. Akafungua kitabu cha kazi. Kitabu kilisema kundi la Sigei, na kilisema kweli, maana nilikijaza mimi.

Sigei alinitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu, kama alivyozoea kunitazama nikiwa nakata kijiti, akingoja aone mkono utakwendaje. Niliangalia buti zangu. Nilikuwa nikifikiria nyumba ya mawe na Chebet, na kiti changu cha mbele kanisani. Nilihesabu misumari kwenye sakafu ya banda, nikafika kumi na nne.

"Hiyo kazi ni ya kundi langu," Sigei akasema.

"Na wewe ulikuwa wapi?" meneja akamuuliza.

"Nilikuwa matanga. Lakini kundi ni langu."

Wale wa kundi waligeuka kunitazama. Walikuwa wakiningoja mimi, na mimi sikufungua mdomo. Hakuna aliyesema Sigei afukuzwe. Alisema mwenyewe kwamba anarudi nyumbani. Alikabidhi vifaa siku ileile. Akapita mlangoni kwangu mchana na mfuko wake mgongoni, mke wangu akamkaribisha maziwa, akakataa kwa adabu. Akaniambia, "Bett, mimi naenda. Sina maneno na wewe. Njia ya kuja kwangu unaijua." Nikamwambia nitakuja. Akashuka kuelekea barabarani.

Na sasa ile Jumapili. Mchungaji hakufika, nikapewa neno. Laini zote zilikuwa zikinong'ona, wengine wakisema Sigei kaharibu, wengine wakinitaja mimi. Niliogopa mnong'ono ule wa pili. Basi nikafungua Mathayo sura ya kumi na mbili. Mnaijua habari yenyewe: Yesu amemponya mtu mwenye mkono uliokauka, siku ya sabato, na waliochukia wakatoka kwenda kupanga wamwangamize. Naye alipojua, akaondoka pale. Nikasoma mpaka hapo nikafunga kitabu.

Nikawaambia watu kuna kuondoka kwa namna mbili. Kuna kuondoka kwa Bwana wetu, asiye na hatia. Na kuna kuondoka kwa mtu anayejua alichokifanya, asiyeweza kututazama usoni, anayechukua mfuko wake mchana kweupe. Sikutaja jina. Halikuhitajika. Mtu mmoja akasema amina, na mwingine, kijana mcheshi wa kiwandani, akasema kwa sauti, "Huo ndio mkato wa Sigei!" Kanisa likacheka. Mimi pia nilitabasamu. Ndipo nilipomwona Bot Chelangat, yaani mama Chelangat, mke wa Sigei. Alikuwa amebaki nyuma kufungasha vyombo na kungoja Chelangat wao amalize mtihani wa shule. Alikuwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Akakunja leso yake mara mbili, akasimama, akatoka bila haraka.

Msemo mnaoutumia ulizaliwa pale, vijana. Nilikuwepo, na niliutengenezea kitanda.

Nilikaa miaka mingi bila kwenda Kipkelion. Mwaka wa kwanza nilisema nangoja mambo yapoe. Mwaka wa pili nilisema nitapeleka blanketi, nikanunua blanketi, mke wangu akalipenda akalitandika. Baadaye nikawa mkuu wa wapogoaji wote, nikaona sasa nitakwendaje na cheo kile, nitakaa wapi? Nikitoka Kapkatet kurudi kazini nilikuwa nikikutana na watu wenye habari zake. Mkulima wa Londiani, mwenye chai kidogo pembeni ya viazi, aliniambia miti yake ilikuwa inakufa mmoja mmoja, akamfuata mzee fulani Kipkelion, na mzee akaja na chupa yake ya dawa, akachimbua mizizi, akamwambia asichume wiki sita. Ikapona. Jirani yangu wa Kapkatet akamfuata. Wengine walitoka hadi Bomet. Hakujitangaza popote. Aliwaambia wasimtaje sana, asije akakosa nafasi ya kukamua ng'ombe wake. Watu walikwenda wakirudi, na kila aliyegundua natoka shamba lile aliniambia jambo moja, "Huyo mzee alikuulizia."

"Aliuliza nini?" nilikuwa nikisema.

"Aliuliza tu kama uko mzima."

Nilijisikia vibaya kila mara, kisha nikala chakula nikalala. Ndivyo ilivyo. Aibu si ugonjwa unaokulaza, unaweza kutembea nayo miaka kumi na tisa na ukastaafu nayo ukapewa saa ya ukutani.

Mwaka jana simu ililia, na Chelangat, ambaye sasa ni mwalimu, akaniambia baba yake amefariki na wazazi wangefurahi kama ningefika. Alisema wazazi, wote wawili, kama vile mmoja wao hakuwa ndani ya jeneza. Nikaenda.

Sijawahi kuona watu wengi namna ile kwenye matanga ya mtu asiye na cheo. Walijaa uwanja, wakajaa hadi kwenye mahindi. Mmoja baada ya mwingine alisimama kusema shamba lake lilivyokuwa na lilivyo sasa. Mwanamke wa Bomet alisema kwamba mzee hakumponyea chai tu. Alimpatanisha na shemeji yake wakiwa wamesimama katikati ya mistari. Mchungaji wa kwao hakuchagua aya niliyoiogopa. Alisoma nyingine kabisa. Lakini mimi nilikuwa nikiisikia ile yangu, na kwa mara ya kwanza nilisikia inavyoendelea. Kwamba aliondoka pale, na watu wengi wakamfuata, akawaponya wote. Nilikuwa nimewasomea watu nusu.

Kiprono, jibu lako hili hapa, kadiri ninavyoweza. Sidhani aliogopa. Alitoka mahali ambapo wenye chuki walikuwa na la kusema, akaenda mahali ambapo wagonjwa wangeweza kumfikia. Hakujificha, maana mtu aliyejificha hafuatwi na umati. Na aliwaponya wote, lakini wote hao ni wale waliofunga safari. Waliobaki mjini na hasira zao, au na vyeo vyao, aya haisemi kitu juu yao. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Njia niliijua, na nauli haikuwa shida.

Watu walipopungua nilimfuata Bot Chelangat nyuma ya nyumba. Amezeeka, lakini leso huikunja vilevile, mara mbili. Alinipa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akaninyooshea kidole upande wa chai. Shamba lao ni dogo, limekatwa vizuri, meza, yaani uso wa juu wa kuchumia, imelala sawasawa. Lakini pembeni, mpakani na mahindi, kulikuwa na mstari mmoja wa miti mirefu, imepita paa, imejaa maua meupe. Nilidhani ni uzio.

"Hiyo ni laini yako," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza.

"Kila akipruni shamba, hiyo laini anaiacha. Watoto wakimwambia inaharibika, anasema hiyo si yangu, hiyo ni ya Bett. Akikuja ataikata. Mpaka ikakuwa hivyo unaiona."

Nikamwambia, "Mama, ile Jumapili kanisani."

"Nilikuwa hapo nyuma. Nilisikia yote."

"Na yeye uliporudi, alisema nini?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia?"

"Mpaka amekufa hajui. Alikuwa amepoteza kazi, amepoteza nyumba. Sikutaka apoteze na wewe." Akachukua kibuyu kutoka mikononi mwangu, maana kilikuwa kinamwagika. "Kila gari ikisimama hapo barabarani alikuwa anaangalia. Kunywa, baba Chebet."

Nililia, vijana. Mzee wenu wa kanisa nililia nyuma ya jiko la watu nikiwa na miaka sitini na tano, na yeye akanishika bega kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Tangu mwezi ule nakwenda Jumamosi. Miti ya miaka thelathini huikati yote siku moja, ungeiua. Naanza na msumeno kwa mashina, namalizia na kisu, na kila mti nauachia mapafu mawili. Juu ya visiki nalaza matawi makavu. Mgongo wangu haukubali tena, kwa hiyo nakata mmoja napumzika. Miti kumi na saba imechipua. Sita imekauka, na sijui kama nilikosea mimi au ilikuwa imechoka kungoja, na aliyeweza kuniambia kwa kidole gumba hayupo. Bot Chelangat huleta kiti akakaa karibu.

Niliandika barua kwa wakubwa wa shamba nikieleza nani alitoa amri siku ile. Wakanijibu vizuri kwamba meneja wa wakati ule hayupo na vitabu vya zamani havipo. Kwao limekwisha. Lakini huku kwetu halijakwisha, kwa sababu ninyi mnalisema kila siku, na mnalisema bila ubaya wowote, na kila mkilisema mnamzika mtu yule kwa kosa langu.

Basi hiki ndicho nilichoombwa kuwaeleza, na ombi langu ni dogo. Kama kuna mtu unayejua njia ya kwake, nenda. Usingoje blanketi. Na Jumapili ijayo mpiga kinanda akiruka ubeti, mcheke, kucheka si dhambi. Ila kosa hilo liiteni kwa jina linalostahili, mseme huo ni mkato wa Bett. Semeni kwa sauti. Nimehama kiti cha mbele, nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, pale alipokuwa amekaa Bot Chelangat. Mkiita, nitaitika.